Marehemu babu kaacha ngozi ya chui na bangili ya pembe sandukuni, ni kweli kukaa nazo tu ndani ni miaka 20 jela?

Mjukuu wa Nduli

Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni. Naomba nieleweshwe hili jambo kabla familia haijafanya kitu cha kijinga.

Babu yetu mzaa baba alifariki huku kwetu nje kidogo ya Iringa mjini, msiba umeisha, tumeingia kwenye mirathi. Juzi baba wadogo wamefungua lile sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda chake, lile ambalo sisi wajukuu tulikuwa tukilisogelea tu tunakula fimbo. Ndani kuna ngozi ya chui imeshonewa kitambaa chekundu pembeni, sehemu ya shingo imeliwa na wadudu mpaka ukiinyanyua mwanga unapita, kuna usinga wenye mpini wa mti uliozungushiwa waya wa shaba, kuna pembe la tandala limetobolewa la kupuliza, alafu kuna bangili moja nene nyeupe iliyofifia ambayo shangazi anasema ni pembe ya ndovu, alikuwa anaivaa bibi yake babu enzi hizo.

Sasa kila mtu ana lake. Baba mdogo anataka ngozi na usinga kwa sababu yeye ndo anakalia kiti cha mzee. Shangazi anataka bangili aondoke nayo Mbeya kwake Jumapili. Na kuna binamu yangu mmoja, Mungu amsamehe, kashapiga picha vyote vimepangwa juu ya mkeka na kuzitupia kwenye grupu la ukoo la WhatsApp, lina watu zaidi ya mia humo na wengine hata hatuwajui ni kina nani.

Shemeji yetu mmoja anafanya kazi ya ulinzi akasema jamani hivi vitu kukutwa navyo tu ndani ni miaka 20, hawaulizi umetoa wapi. Baba mdogo kacheka sana, kasema mzee hakuua hata sungura maisha yake yote, hivyo alirithi kwa wazee wake na wao walirithi. Karatasi yoyote hatuna. Mwenye kujua sheria anisaidie, ila sheria yenyewe ilivyo, siyo za vijiweni.

Kihesa Damu

Mkuu mbona rahisi, chimbeni shimo usiku fukieni, mchezo umeisha. Unaleta mambo ya ukoo huku hadharani unataka wakufuate?

Wakili wa Gangilonga

Mjukuu poleni na msiba. Huyo wa shimo msimsikilize kabisa, ukifukia au ukachoma ndo umejiongezea, maana sasa inaonekana ulijua fika ulichonacho ukaamua kukificha, na picha ziko kwenye simu za watu mia.

Iko hivi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, Sura ya 283, ikisema nyara haimaanishi pembe tu kama watu wengi wanavyodhani. Ni mnyama akiwa hai au amekufa, au sehemu yake yoyote ile, nyama, ngozi, jino, kucha, kwato, mfupa, nywele, yai, mpaka kitu kilichotengenezwa kutokana na hivyo. Kwaiyo bangili imo, baragumu limo, na usinga kama ni mkia wa nyumbu nao umo. Alafu kifungu cha 86 hakiulizi nani aliua, kinauliza nani kakutwa nayo bila kibali. Baba mdogo anaposema mzee hakuua hata sungura anajibu swali ambalo hakuna mtu atamuuliza.

Hiyo miaka 20 inatoka wapi? Kukutwa na nyara za serikali kumeingizwa kwenye jedwali la Sheria ya Uhujumu Uchumi na Makosa ya Kupangwa, Sura ya 200. Ndo maana ukisoma hati za mashtaka za kesi hizi utakuta wamebandika kifungu cha 86 cha sheria ya wanyamapori pamoja na vifungu vya 57 na 60 vya Sura 200. Na tangu marekebisho ya 2016, hicho cha 60(2) kinataka kifungo kisichopungua miaka 20 na kisichozidi 30. Yaani hakimu akishakutia hatiani, hata machozi yamemlenga, chini ya 20 hana pa kushukia. Juu ya kifungo kuna faini ambayo inaweza kufika mara kumi ya thamani ya nyara.

Na thamani yenyewe hampangi nyie. Anaipanga afisa wanyamapori kwa hati ya uthamini, kwa dola, kufuata kanuni za 2012. Chui ni dola 3,500. Tembo 15,000. Ukiipiga ngozi yenu kwa dola ya shilingi 2,500 ni kama milioni 8.75, matundu ya wadudu wala hayawapunguzii bei. Na kwenye bangili mara nyingi hati inaandikwa sawa na tembo mmoja aliyeuawa, haijalishi ni bangili ya kuingia mkono wa mtoto.

Cha kufanya. Kwanza hakuna kitu kinatoka humo ndani, na hasa shangazi asipande basi na hiyo bangili, ukaguzi wa barabarani hauna habari na urithi. Pili pekueni karatasi zote za mzee, kwenye biblia, kwenye makabati, hata ndani ya bitana ya hilo sanduku, kwa sababu wapo wazee waliokuwa na hati za umiliki zilizotolewa chini ya sheria ya zamani ya 1974, na ukiwa na hati hiyo mazungumzo yanabadilika kabisa. Tatu, na hii ndo kubwa, msiende ofisi ya wanyamapori mikono mitupu kujieleza wenyewe. Tafuteni wakili, hela hamna basi kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mashirika ya msaada yapo mjini hapo. Yeye ndo aandike barua kwa niaba ya msimamizi wa mirathi kwamba tulipofungua sanduku la marehemu tarehe fulani mbele ya fulani na fulani tumekuta hivi, tunavisalimisha. Mtendaji agonge muhuri. Mkikabidhi daini karatasi iliyosainiwa yenye orodha ya kitu kimoja kimoja. Sheria yenyewe inamtaka mtu ambaye nyara imemfikia mkononi atoe taarifa, kwaiyo siku zinavyokwenda mkiwa mnagombania nani achukue nini, utetezi wenu unazidi kuyeyuka. Kusalimisha siyo msamaha wa moja kwa moja, ndo maana nasema wakili kwanza.

Mama wa Tungamalenga

Kamwene. Mimi naomba niseme kidogo japo siyo mwanasheria, nalima huku Idodi njia ya kwenda Ruaha.

Watu wa mjini wanasikia ujangili wanafikiria watu wenye bunduki na magari. Huku kwetu wanaokamatwa wengi ni watu wa kipande cha nyama. Mnakumbuka ile kesi ya mama wa Iringa, 2022, kahukumiwa miaka 22 kwa vipande 12 vya nyama ya swala. Miaka 22! Nchi nzima ilishika kichwa. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu hapo Iringa ikamwachia, akatoka, lakini muda aliokaa ndani nani anamrudishia? Na kilichonishangaza mimi watu walikuwa wanasema hakimu katili, kumbe kama alivyoeleza wakili hapo juu sheria ndo ilivyoandikwa.

Upande wa pili sasa. Tembo akiingia kwenye mahindi yangu usiku analala amekula jasho la mwaka mzima, tunapiga madebe, tunachoma pilipili na kinyesi cha ng'ombe, anakuangalia tu. Asubuhi naenda kutoa taarifa kwa mtendaji, wanakuja kupima ekari, alafu nasubiri kifuta jasho cha serikali. Kanuni za 2011 ziliweka kwa ekari, kutegemea shamba liko umbali gani na mpaka wa hifadhi, mwisho ekari 5, na mtu akiuawa na mnyama kifuta machozi kiliwekwa milioni 1. Milioni moja kwa mtu mzima, na chui aliyekufa zamani huko sandukuni kwa babu yenu milioni nane na ushee. Mimi sisemi ujangili uachiwe, hao wanyama ndo wanaleta wageni na kijana wangu anafanya kazi kambi ya wageni huku huku. Nasema tu nikipiga hizo hesabu usiku usingizi unakata.

Msafwa wa Isanga

Mama umegusa penyewe. Haya nielezeni na hili maana mimi huwa linanichoma. Yule mama wa Kichina, Yang Fenglan, wenyewe magazeti yalimwita Malkia wa Pembe za Ndovu, Mahakama ya Kisutu mwaka 2019 kakutwa na hatia ya biashara ya vipande 860 vya pembe, mzigo wa bilioni 13, kapewa miaka 15. Kumi na tano! Na huku mwenzetu wa vipande 12 vya swala kapigwa 22. Huu si ndo ule mchezo wetu wa siku zote, dagaa wanakaangwa papa anaogelea?

Wakili wa Gangilonga

Msafwa hasira yako naielewa na wengi wanauliza hivyo hivyo, ila angalia tarehe. Makosa ya yule mama yalihesabiwa kuanzia 2000 hadi 2014. Wakati huo adhabu ya juu kwenye Sura 200 ilikuwa miaka 15, na mtu huwezi kumhukumu kwa adhabu iliyotungwa baada ya kosa lake. Kwaiyo yeye alipigwa ile ya mwisho kabisa iliyokuwepo. Huyu wa swala kakamatwa baada ya 2016, kakuta kiwango cha chini ndo 20. Matokeo yake ndo hayo unayoyaona, aliyemaliza kundi zima la tembo kapewa miaka michache kuliko wa sufuria moja. Kisheria iko sawa. Kwamba ni haki, hapo mimi sikubishii.

Ninachoona mimi kwenye kazi yangu ni kwamba kukiwa na kiwango cha chini kikubwa hivi mahakama zinakuwa kali kwenye ushahidi, na kesi nyingi sana za nyara zinaanguka kwenye rufaa. Nyama inaoza, haiwezi kukaa kama kielelezo mpaka kesi iishe, kwaiyo polisi wanaipeleka kwa hakimu atoe amri iteketezwe. Mahakama ya Rufani ilishasema, na Kanuni za Kudumu za Polisi, PGO namba 229, nazo zinasema, kwamba mshtakiwa lazima awepo mbele ya huyo hakimu, aulizwe, asikilizwe, na picha zipigwe. Ukikuta fomu ya orodha ya mali imejazwa mshtakiwa akiwa mahabusu hajui lolote, ile karatasi inaondolewa kwenye ushahidi, na ikiondoka kesi haina miguu. Kuna nyingine zinaanguka kwenye kibali cha DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, kimekosewa kifungu au hakikuwepo. Nyingine ni mnyororo wa kielelezo, nyara imetoka porini ikapita mikono mitatu na hakuna maandishi ya nani alimpa nani.

Ila msishangilie. Kuachiwa kwenye rufaa maana yake ushakaa ndani miaka, na kabla ya hapo kulikuwa na miezi ya upelelezi haujakamilika.

Askari Mstaafu Idodi

Nimesoma yote. Mimi nilikuwa askari wa wanyamapori wa kijiji, VGS, hii jumuiya yetu ya vijiji ya kuhifadhi wanyamapori, MBOMIPA, kwaiyo niongee upande ambao hapa hauna mtetezi.

Mnaosema sheria kali mno mmesahau ilikotoka. Nchi hii mwaka 2009 tulikuwa na tembo kama 109,000, mwaka 2014 wakahesabiwa kama 43,000. Miaka mitano. Na huku Ruaha na Rungwa tulikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Nyie mlikuwa mnasoma gazetini, sisi tulikuwa tunafuata tai. Unaona tai wanazunguka mahali unajua hapo kuna mzoga, unafika unakuta amekatwa uso kwa shoka, mkia hamna, tumbo limevimba, na ndama amesimama pembeni hataki kuondoka na ukimsogelea anakukimbiza. Harufu ile inaingia kwenye sare, ukifua haitoki. Wakati huo mtu alikuwa akikamatwa anapigwa faini, analipiwa na tajiri wake, kesho yuko porini. Haya makali ya 2016 hayakushuka kutoka mbinguni.

Lakini pia nisiwe mnafiki, Operesheni Tokomeza ya 2013, ule msako wa majangili, ilifanya mambo ambayo Bunge lenyewe liliyakataa, mawaziri wanne wakaondoka kwa sababu yake. Mtu akipekuliwa ana haki zake na askari anayejua kazi hawezi kuzikwepa. Nyumba ya kuishi hauingii bila hati ya upekuzi, na ukiingia bila hiyo basi lazima awepo shahidi huru, siyo askari mwenzako kavaa kiraia. Kikikamatwa kitu kinajazwa kwenye hati ya kukamata mali, mwenye nyumba anasaini, shahidi anasaini. Sisi tulikuwa tunamuamsha mwenyekiti wa kitongoji saa nane usiku, anatoka na shuka lake anatusonya, lakini anasaini. Kesi zetu hizo hazikuanguka.

Kuhusu kipande cha nyama kuhesabiwa mnyama mzima, ni kweli na mimi naona ni sawa, kwa sababu huwezi kupata paja bila kuua swala. Swala mmoja kwenye zile kanuni za thamani za 2012 ni dola 390, pundamilia 1,200, pofu 1,700, nyati 1,900, twiga anakimbizana na tembo 15,000. Wanaouza nyama kando ya barabara wanaita zote swala ili mteja asiogope. Ushanunua kilo mbili umeweka kwenye buti, ukisimamishwa ikaonekana ni ya twiga, tajiri yako hapo ni nani? Ukitaka nyamapori kuna mabucha yenye leseni, kanuni za 2020 zimeruhusu, nunua hapo na uchukue risiti na uitunze mpaka umemaliza kula.

Kihesa Damu

Mzee mpaka umemaliza kula, hahaha. Na mfupa niutunze na risiti yake?

Askari Mstaafu Idodi

Cheka tu kijana. Ndiyo, na mfupa.

Mjukuu wa Nduli

Wakuu nashukuru sana, mmenifumbua macho, nimechapa maelezo ya wakili nimempelekea baba mdogo kasoma mara mbili kimya, kwa mara ya kwanza hajacheka. Picha kwenye grupu nimemwambia admini azuie watu kuzisambaza.

Yamebaki mawili. Shangazi amegoma. Anasema bangili ya bibi yake haikabidhi kwa mtu, kwamba hata siku sheria inatungwa yeye alikuwa keshazaliwa na bangili ilikuwepo. Alafu baba mdogo anauliza usinga. Anasema kama wakichukua usinga yeye ataongea na wazee akiwa ameshika nini, na kuna mzee kamwambia huo ni mkia wa ng'ombe tu wala siyo nyumbu.

Wakili wa Gangilonga

Usinga unaweza kweli kuwa wa ng'ombe, ya namna hiyo iko mingi, na kama ni ng'ombe hakuna kosa lolote. Lakini msiamue nyie wala huyo mzee. Uingizeni kwenye orodha, andikeni usinga unaodhaniwa ni mkia wa ng'ombe, afisa wanyamapori auangalie, akisema ni ng'ombe anawaandikia na mnarudi nao nyumbani baba mdogo anapunga vizuri tu kwa amani. Na kama ni nyumbu, fundi wa kutengeneza mwingine wa ng'ombe hakosekani. Kiti hakishikiliwi na mkia.

Shangazi mwambieni kwa upole. Sheria haina umri wa bangili. Kuwa ya zamani kunasaidia kujitetea kama kuna hati, bila hati ni maneno ya mdomo mbele ya kifungu kisichosikia. Na mwambieni hivi, akikamatwa nayo Mbeya anayeshtakiwa ni yeye, siyo marehemu, na waliokuwepo sanduku likifunguliwa wakanyamaza nao wataitwa kuhojiwa. Mpigeni picha nzuri akiwa ameishika, abaki na picha. Hapana, futa hiyo, akiwa ameishika isipigwe. Pigeni ikiwa mezani siku ya kukabidhi mbele ya wakili.

Mama wa Tungamalenga

Shangazi wa watu namuonea huruma. Mwambieni mama mwenzake wa Idodi anampa pole, lakini aitoe. Aliyefungwa hana wa kumpelekea uji kila siku.

Kijana wa Tukuyu

Samahani wakuu naingilia mada, sisi huku Rungwe hatuna tembo wala chui wa sandukuni, tuna nguruwe pori. Shamba langu linapakana na msitu, mahindi yakianza tu kubeba wanaingia kundi zima, wanalaza mistari wanakula nusu wanaacha nusu. Viazi ndo usiseme. Nimetega nyaya pembezoni, zile za klachi za pikipiki. Hapo nako ni uhujumu uchumi? Maana ni shamba langu na sijaenda msituni.

Askari Mstaafu Idodi

Kijana toa hizo nyaya. Sheria inakuruhusu kutetea uhai na mali yako, mnyama akija kukudhuru au kuharibu na huna namna nyingine ukamuua siyo kosa, ila unatoa taarifa upesi kwa afisa wanyamapori au mtendaji, na nyama siyo yako, ni ya serikali. Ukianza kuchuna na kugawia majirani hadithi ya kujitetea inaishia hapo. Lakini mtego wa waya, shimo, sumu, hizo ni njia zilizokatazwa zenyewe kama zenyewe, haijalishi umetega wapi. Na waya hauchagui. Umeutega kwa nguruwe ananasa kingine, na nyie huko mna kipunji, yule nyani adimu.

Kijana wa Tukuyu

Kipunji anakula mahindi yangu pia mzee, usimtetee.

Askari Mstaafu Idodi

Namjua anakula. Lakini yule wataalamu wamemgundua 2003 tu, dunia ikatangaziwa 2005, walivyomchunguza wakakuta ni jenasi mpya kabisa ya nyani, Afrika haikuwa imepata jenasi mpya ya nyani tangu 1923. Hesabu ya 2008 walikuwa kama 1,100 tu, na hawapo popote duniani isipokuwa huko kwenu Rungwe na Kitulo na msitu mmoja wa Udzungwa. Akinasa kwenye waya wako hapo siyo afisa wa wilaya peke yake atakayekuja.

Wakili wa Gangilonga

Naongezea kwa Kijana. Kifuta jasho kwa ajili ya nguruwe usikiwekee matumaini, zile kanuni zililenga wanyama hatari, tembo, kiboko, nyati, mamba, simba, chui na wa namna hiyo. Lakini taarifa andikisha kila wanapoingia, kwa mtendaji, upate nakala. Siku ukiua mmoja kwa kujitetea hizo nakala ndo zitaonyesha hukuamka tu asubuhi ukatamani kitoweo. Na muombe afisa wa wilaya aje afanye doria ya kuwafukuza, yeye ana mamlaka ya kuua mnyama mharibifu, wewe nje ya kujitetea huna.

Kijana wa Tukuyu

Sawa wakubwa, waya nazitoa. Je mbwa? Nina mbwa wanne wanawafukuza vizuri tu.

Askari Mstaafu Idodi

Mbwa wa kufukuza shambani ni sawa, wafunge asubuhi. Ukivuka nao mpaka wa hifadhi ya Mlima Rungwe na mkuki mkononi, hapo unawinda bila leseni na umebeba silaha ndani ya hifadhi, mashtaka mawili kabla hata hujaona nguruwe. Weka alama mwisho wa shamba lako, kama ni miti au mawe, na ukifika hapo waite warudi.